Mwenzetu kiziwi darasani: sisi wanafunzi tufanye nini zaidi ya kumhurumia?

Kiranja wa darasa, Morogoro

Shikamooni wakubwa zangu, na wanafunzi wenzangu habari za masomo. Ninasoma kidato cha tatu katika sekondari ya kutwa ya kata. Mwaka huu amehamia darasani kwetu mwenzetu ambaye ni kiziwi. Nyumbani anatumia lugha ya alama, midomo anaisoma kwa kiasi, na kwa kuandika anawashinda wengi wetu. Shule haina mwalimu hata mmoja anayejua lugha hiyo. Sijaona mtu akimcheka wala kumwonea. Kinyume chake, wapo wanaombebea begi na wapo wanaomnunulia maandazi wakati wa mapumziko. Lakini kazi za vikundi zikigawanywa, kundi lake humwashiria atulie, kazi itafanywa na jina lake litaandikwa, na wengine tunapopiga soga yeye hukaa chini ya mwarobaini akifunua kurasa za daftari ambalo ninaona wazi kwamba halisomi. Ninaomba kujua, hasa kutoka kwa viziwi wenyewe na wanafunzi wenye ulemavu wa aina nyingine: ni mambo gani tunayoweza kuyafanya sisi wenyewe bila kusubiri fedha wala mtaalamu, na ni yapi tunayoyafanya kwa nia njema ilhali yanamuumiza?

Kiziwi, Dar es Salaam

Marahaba, mdogo wangu. Mimi nilisoma Shule ya Viziwi Buguruni, kisha nikaingia sekondari ambako viziwi tulikuwa wachache kati ya wanaosikia, kwa hiyo huo mwarobaini ninaufahamu.

Begi mwacheni alibebe mwenyewe, kwa kuwa mikono yake ni mizima. Kinachomkosesha raha ni mazungumzo yanayompita. Darasa zima linaangua kicheko, anamgusa jirani yake kuuliza kuna nini, na jirani anajibu kwa kupunga mkono kwamba si kitu. Neno hilo, "si kitu", nimelipokea kwa miaka yote ya sekondari, na lilinichoma kuliko matusi, kwa sababu aliyelisema hakuwa na ubaya wowote. Aliona tu kwamba kunieleza ni usumbufu. Mkicheka, mwandikieni kilichowachekesha, hata kama ni upuuzi mtupu. Upuuzi wa darasani nao ni haki yake.

Kuhusu kusoma midomo, watu wengi wanaliamini jambo hilo kupita kiasi. Simama mbele ya kioo utamke bila sauti maneno "baba", "mama" na "papa", nawe utaona kwamba midomo yako inafanya jambo lile lile mara zote tatu. Kiziwi hukisia sehemu kubwa ya maneno kutokana na mada inayozungumzwa, na ndiyo maana mada ikibadilishwa bila yeye kuambiwa hupotea kabisa. Andikeni mada kwenye karatasi kabla ya kuanza. Kaeni kwa duara ili aone nyuso zote, na anayetaka kusema ainue mkono kwanza, aangaliwe, ndipo aseme. Msimpe mgongo, msizibe mdomo kwa kalamu, wala msikae mkiwa mmeyapa madirisha kisogo, kwani mwanga unaotoka nyuma yenu huufanya uso kuwa giza. Kupaza sauti hakumsaidii, na huivuruga midomo anayoisoma. Ukimhitaji, mguse bega taratibu au punga mkono pale anapoweza kuuona.

Kubwa kuliko yote, mwombeni awafundishe. Herufi za vidole, yaani ishara za mkono zinazosimama badala ya herufi za alfabeti, zinashikika kwa muda mfupi, na vijana wa umri wenu huzipenda upesi kwa sababu mnaweza kuongea kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Atawasahihisha, atawacheka vidole vyenu vikikosea, na huenda akampa kila mmoja wenu jina la alama, yaani ishara ya kumtajia, maana kwetu sisi jina hilo mtu hajipi mwenyewe, hupewa na viziwi. Hapo atakuwa na kitu ambacho ninyi mnakihitaji kutoka kwake, na urafiki wa kweli huanzia hapo. Huruma peke yake haijawahi kunipatia rafiki.

Mwalimu wa elimu maalumu, Dodoma

Ninayaunga mkono yote yaliyotangulia, nami niongeze jambo la daftari. Kiziwi hawezi kuutazama mdomo wa mwalimu na kuandika kwa wakati mmoja. Akiinama kuandika, amekosa sentensi tatu. Wanafunzi wawili au watatu wapokezane zamu ya kuandika muhtasari unaosomeka vizuri na kumpa aunakili baada ya kipindi. Ninasema wapokezane kwa makusudi, kwa sababu nimeona shule ambako mtoto mmoja mwenye moyo mwema aligeuzwa msaidizi wa kudumu, naye akachoka, na siku alipougua yule mwenzake akabaki hana mtu.

Hata hivyo, kiranja, usiruhusu moyo wenu wa kusaidia uwaondolee watu wazima wajibu wao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mwanafunzi huyu ya kusoma pamoja nanyi akiwa na msaada unaomfaa, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwombeni mwalimu wa darasa amfikishie mkuu wa shule suala hili, ili ofisi ya elimu ya halmashauri ijue kwamba shuleni kwenu yupo kiziwi asiye na mkalimani wala mwalimu wa lugha ya alama. Mwanafunzi mwenzake anaweza kumweleza utani, lakini kumfasiria somo la Fizikia huku yeye mwenyewe analisoma kwa mara ya kwanza ni mzigo usio wake.

Mwanafunzi mwenye ualbino, Shinyanga

Mimi ninasikia vizuri, ila uoni wangu ni hafifu, kwa hiyo shida zetu zinatofautiana. Ningependa kutahadharisha jambo moja: msimtangaze. Kidato cha kwanza mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa akawaambia wote wanisaidie, na kwa mwezi mzima kila niliyekaa naye alijiona amepewa kazi. Aliyenifaa alikuwa msichana aliyeniuliza pembeni ninaona hadi wapi, kisha akawa anasoma kwa sauti ya chini kila alichokinakili kutoka ubaoni, nami nikaandika. Mimi nilimsaidia Kiingereza. Mpaka leo, mstari ukikaa sana juani wakati wa matangazo, yeye na wenzake hunisogeza kwenye kivuli bila maneno mengi.

Jambo lingine ni michezo. Kunikabidhi daftari la kuhesabia magoli kila Ijumaa hakukuwa kunishirikisha. Muulizeni huyo mwenzenu anapenda kucheza nini; mpira wa miguu unachezwa kwa macho, na refa akishika kitambaa pamoja na filimbi, kiziwi anacheza kama mtu mwingine yeyote.

Kiranja wa darasa, Morogoro

Ninawashukuru sana. Nimekwishazungumza naye kwa kuandikiana, na amekubali kutufundisha herufi za vidole. Tatizo lililobaki ni kundi lake la Kemia, ambalo linadai kwamba atawachelewesha na kuwapunguzia alama.

Kiziwi, Dar es Salaam

Kidato cha tatu mnapima asidi na besi kwa bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo na koki, sivyo? Mmoja hushika koki, na mwingine hukodolea macho chupa ili aseme rangi imegeuka saa ngapi. Mpeni kazi ya kutazama rangi, mkubaliane naye ishara moja ya mkono ya kufunga koki, kisha mlinganishe vipimo vyenu na vya makundi mengine. Siku ya kuwasilisha matokeo, aandike maelezo yake ubaoni na mmoja wenu ayasome kwa sauti. Wanafunzi wakiwa na maswali, wayaandike kwenye vikaratasi wampelekee yeye mwenyewe, wala yasipitie kwako.