Rangi iliyobaki tangu 2019, nipige au nitupe?

Mkazi_wa_Tabata:
Wakuu habari za wikiendi. Nataka nipige rangi sebule na chumba cha watoto kabla wageni wa harusi ya mdogo wangu hawajaanza kumiminika. Sasa stoo kuna ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji, krimu, imebaki kama nusu, ilifunguliwa 2019 tulipohamia, na galoni mbili za rangi ya mafuta nyeupe, moja haijaguswa kabisa. Stoo yenyewe ya bati, mchana humo ndani unaiva. Nimefungua ndoo, juu maji yamejitenga na chini imekaa nzito kama uji uliolala. Fundi anasema tia maji koroga piga, wife anasema nikiipiga hiyo yeye anahamia kwao. Bei ya rangi sahizi mnaijua wenyewe. Naombeni ushauri.

Bibi_Karanga:
Mtii mkeo mengine utajua mbele kwa mbele 😂

Mzee_wa_Rola:
Mkuu maji kujitenga juu sio tatizo, rangi ikikaa sana lazima itulie chini. Anza na harufu. Rangi ya maji ikioza inanuka yai viza, hapo bakteria washaingia, na usidanganywe eti ikikauka inaisha, utakaa nayo ukutani na msimu wa mvua ndo utaisikia vizuri. Ikinuka tupa. Kama hainuki tafuta mti mrefu ukoroge kuanzia chini kabisa, na usitie maji kabla hujaona kama inarudi kuwa moja, huyo fundi wako ana haraka. Ikirudi laini ichuje na kipande cha chandarua, paka kidogo nyuma ya kabati uache mpaka kesho halafu usugue na kitambaa kibichi. Ikitoka unga au ikimenyeka imekufa hiyo. Na kama ina mabonge yasiyovunjika usijisumbue.

Mkazi_wa_Tabata:
Yai viza hamna, ni ile harufu yake ya kawaida tu. Na ya mafuta je?

Mzee_wa_Rola:
Ya mafuta inavumilia zaidi. Ambayo haijafunguliwa, kopo likiwa halijavuja wala kuliwa na kutu, hata miaka 10 inafika. Iliyofunguliwa utakuta utando juu, usiukorogee ndani, ukate pembeni kwa kisu uutoe mzima, chini ikiwa laini weka tina kidogo (thinner, ile ya kulainishia rangi ya mafuta). Ya maji usiweke tina na ya mafuta usiweke maji, nasema kwa sababu nimeyaona. Nyeupe ya mafuta ikikaa gizani huwa inapata unjano, so hiyo piga mlango wa stoo huko.

Mama_wa_Mbezi:
Kwenye chumba cha watoto angalieni, kama milango au grili zina rangi ya mafuta ya zamani sana msikwangue kavu na msasa. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake linaathiri ubongo wa mtoto. Lowesha kwanza, watoto waende kwa bibi, ukimaliza futa kwa kitambaa kibichi sio kufagia.

Kichwa_Ngumu:
Mnaongelea rangi, ukuta je? Nyumba kibao Dar chini ukuta unakula chumvi, hapo hata rangi ya dukani leo inabanduka. Halafu nusu ndoo haimalizi sebule, ukija kuongezea mpya krimu hazitalingana hata namba iwe ileile, labda umwagie zote kwenye chombo kimoja kabla hujaanza, au uishie kwenye kona.

Mkazi_wa_Tabata:
Nimekoroga imerudi laini, ya nyuma ya kabati imeshika vizuri tu haitoki. Wife kakaza, sebuleni na kwa watoto inunuliwe mpya, hii ipige stoo na choo cha nje. Itakayobaki naimwaga mtaroni au?

Mama_wa_Mbezi:
Mtaroni tena jamani, hilo si linaenda kwa majirani! Changanya na mchanga au maranda, acha wazi ikauke kabisa ndo uwape wa taka.