Naomba ushauri: niwaoneshe wanafunzi filamu ya maisha ya Nina Simone yote, au niikate?

Mlezi_wa_Klabu:

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni, na ni mlezi wa klabu ya filamu inayokutana Jumamosi jioni bwaloni. Muhula huu wanafunzi wameomba filamu inayohusu harakati za haki za Weusi wa Marekani, wakasisitiza kwamba hotuba za Martin Luther King wamekwisha kuzisikia. Nimechagua *What Happened, Miss Simone?*, filamu ya hali halisi ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Liz Garbus, inayosimulia maisha ya mwimbaji na mpiga piano Nina Simone.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa mwaka 1933 huko Tryon, Carolina Kaskazini, akiitwa Eunice Waymon, akalelewa kwa matumaini ya kuwa mpiga piano wa muziki wa Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani. Mwaka 1951 chuo cha muziki cha Curtis mjini Philadelphia kilimkataa, naye aliamini hadi kufa kwamba alikataliwa kwa rangi yake. Mwaka 1954 alianza kupiga piano katika baa moja ya Atlantic City, akaambiwa kwamba asipoimba kazi hana, akabadili jina ili mama yake, aliyekuwa mhubiri wa Kimethodisti, asijue.

Shida yangu ni kwamba filamu hii ina mambo mawili yasiyoachana. Kuna harakati, na kuna nyumbani kwake: mumewe Andy Stroud, polisi wa zamani aliyekuwa pia meneja wake, alimpiga vibaya, na binti yao Lisa anaeleza mbele ya kamera kwamba baadaye, walipoishi Liberia, mama huyo naye alimpiga yeye. Kisha inafuata habari ya ugonjwa wa akili. Mwalimu mwenzangu amenishauri nikate yote ya nyumbani nibakize nyimbo na maandamano. Mimi naona nikifanya hivyo nitakuwa nimewaonesha sanamu, si mtu. Hata hivyo, nikiionesha yote, ninaogopa wanafunzi watoke bwaloni wakisema kwamba siasa ndiyo iliyomharibu, kwa sababu filamu yenyewe imepangwa hivyo: anaingia kwenye harakati, mialiko inapungua, ndoa inavunjika, anahama nchi, anaugua. Ninyi mngefanyaje?

SanturiZaZamani:

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pole na kazi. Usikate kitu. Kwangu mimi kasoro ya filamu hii ni muziki inaoukatisha, kwa maana wimbo unaanza kukolea na hapo hapo mtu anaanza kuzungumza juu yake. Kabla ya kuwasha projekta, wasikilizishe "Mississippi Goddam" nzima, ile iliyorekodiwa Carnegie Hall, New York, mwezi Machi 1964.

Waeleze kwanza kilichouzaa. Tarehe 12 Juni 1963 Medgar Evers, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, katika jimbo la Mississippi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake mjini Jackson. Tarehe 15 Septemba mwaka huo huo bomu lililipuka katika kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham, Alabama, likaua wasichana wanne. Simone alisimulia mwenyewe kwamba alipozipata habari hizo alikusanya vyuma akajaribu kuunda bunduki, mumewe akamwambia kwamba hajui lolote kuhusu kuua na kwamba anachokijua ni muziki. Akaketi kwenye piano, na kwa muda wa saa moja hivi wimbo ukawa umekamilika.

Sasa, wanafunzi wasikilize ukumbi pamoja na mwimbaji. Piano inaanza kwa mwendo wa haraka na uchangamfu, kama wimbo wa mchezo wa jukwaani, na yeye mwenyewe anawaambia wasikilizaji kwamba huu ni wimbo wa mchezo ambao bado haujaandikwa. Watu wanacheka. Kadiri anavyoendelea, vicheko vinakwisha. Halafu inakuja sehemu anayotaja kazi walizofanyishwa Weusi, kuosha madirisha na kuchuma pamba, na kila anapotaja wapigaji wake wanaitikia kwamba ni polepole mno, ilhali piano inakimbia kama inayofukuzwa. Hapo ndipo penye hoja yake yote dhidi ya wale waliokuwa wakiwaambia Weusi wasubiri, na filamu haikupi nafasi ya kuisikia vizuri. Vituo kadhaa vya redio vya Kusini vilikataa kuupiga, kisingizio kikiwa neno la kufuru, "Goddam", lililomo katika jina lake, na muuzaji mmoja wa Carolina Kusini alirudisha kasha zima la santuri zikiwa zimevunjwa vipande viwili viwili.

Mnasihi_Bi_Mkubwa:

Mwanangu Mlezi, mimi nimefanya kazi ya unasihi shuleni kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu la nyumbani tu. Mwenzako anadhani akikata sehemu za kipigo atakuwa amewakinga watoto, lakini katika bwalo lililojaa vijana wa bweni wamo wanaokiona kipigo hicho kila likizo. Hao ndio wa kufikiriwa kwanza. Waambie wote kabla ya filamu kuanza kwamba watasikia habari za mume kumpiga mke na mzazi kumpiga mtoto, kwamba anayetaka kutoka ana ruhusa ya kutoka bila kuulizwa, na kwamba mwalimu wa unasihi atakuwepo mlangoni na siku inayofuata ofisini. Hili lisifanywe kwa minong'ono, lisemwe kama tangazo la kawaida.

Kuhusu ugonjwa, angalia sana mazungumzo yatakavyokwenda. Madaktari waligundua kwamba ana ugonjwa wa akili uitwao bipola, wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, miaka ya 1980 ikielekea mwishoni, wakati amekwisha kuvuka umri wa miaka 50. Vijana wakishalisikia hilo, wepesi wao ni kurudi nyuma na kuisoma kila hasira yake ya miaka ya 1960 kuwa ni ugonjwa. Mtu ambaye watoto wa watu wake wamelipuliwa kanisani ana haki ya kukasirika akiwa na akili zake timamu. Waulize ni wapi katika filamu wanaona hasira yenye sababu, na ni wapi wanamwona mtu aliyehitaji daktari akamkosa. Watabishana, na wabishane.

Mkaidi_wa_Pwani:

Ninakubaliana na Bi Mkubwa, ila ninataka niigonge filamu yenyewe kidogo, kwa sababu hofu ya Mwalimu ina msingi. Filamu inampa Stroud nafasi kubwa mno ya kueleza, kwa mahojiano yake ya zamani, kwamba yeye alikuwa akijenga na siasa ikawa inabomoa. Anayesikia hivyo, tena kutoka kwa aliyekuwa akishika mahesabu, ni rahisi kuamini. Lakini hebu panga miaka. Stroud alimpiga na kumtisha kwa bastola kabla hawajaoana, na walioana mwaka 1961. Harakati zilimwingia kwa nguvu mwaka 1963. Kwa hiyo kipigo kilitangulia, na siasa haiwezi kubebeshwa lawama ya jambo ililolikuta. Haki za santuri yake ya kwanza aliziuza kwa dola 3,000 katika miaka ya 1950, akapoteza fedha nyingi mno za mauzo ya miaka iliyofuata, na hilo nalo halikutokana na maandamano. Kukataliwa na Curtis ni 1951. Hata ukaidi wake ni wa zamani kuliko siasa: akiwa bado mtoto, katika onesho lake la piano huko Tryon, wazazi wake waliondolewa viti vya mbele ili Wazungu wakae, akagoma kupiga mpaka waliporudishwa.

Ningekuwa wewe, ningewapa karatasi yenye miaka hiyo bila maelezo yoyote, kisha baada ya filamu niwaambie wailinganishe na mpangilio wa mwongozaji. Wewe ni mwalimu wa Historia, na somo la kutofautisha kilichotangulia na kilichosababisha hulipati bure namna hii kila siku.

Tena wakumbushe kilichoingia mkononi mwake kwa njia ya harakati hizo. Rafiki yake Lorraine Hansberry, mwandishi wa tamthilia, ndiye aliyemfungua macho. Alipofariki kwa saratani Januari 1965, akiwa na miaka 34 tu, Simone alibaki na deni la urafiki ambalo mwaka 1969 lilizaa "To Be Young, Gifted and Black", na wimbo huo Aretha Franklin aliuimba upya mwaka 1972. Filamu inaonesha gharama vizuri kuliko inavyoonesha faida.

Dada_wa_Maktaba:

Kuhusu gharama hiyo, kuna mfano ambao wanafunzi wenu watauelewa haraka, nao ni Miriam Makeba, ambaye sauti yake wanaijua kwa "Malaika". Mwaka 1968 aliolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa Nguvu ya Weusi, na mikataba yake Marekani ikafutwa, wakahamia Guinea. Makeba huyo huyo ndiye aliyemshawishi Simone kwenda Liberia mwaka 1974. Wanawake wawili wenye tabia tofauti kabisa, mmoja akiwa mtulivu jukwaani na mwingine akiwagombeza wasikilizaji wanaopiga soga, wote walifungiwa milango ile ile. Ukiwaweka pamoja, inakuwa vigumu mtu kusema kwamba tatizo lilikuwa ni hasira za Simone.

Ruhusa_Kwanza:

La kiofisi, fupi. Netflix, walioitoa filamu hii, huruhusu baadhi ya filamu zake za hali halisi zioneshwe katika taasisi za elimu bila malipo, na filamu yenye ruhusa hiyo huelezwa hivyo kwenye ukurasa wake. Angalia kama hii imo kabla hujatangaza, na usitoze kiingilio hata cha bei ya soda.

Mlezi_Mstaafu:

Na je, kile anachosema juu ya kutumia silaha? Filamu inamwonesha akimwambia King waziwazi kwamba yeye si mtu wa kuepuka fujo. Mkuu wa shule wangu wa zamani angeizima projekta palepale.

Mkaidi_wa_Pwani:

Mzee wangu, mwanafunzi wa kidato cha sita anasoma Mau Mau na FRELIMO kwenye mtihani wa taifa. Hilo la silaha halitakuwa geni kwake. Pengine litakuwa swali zuri kuliko yote: kwa nini aliyesema hivyo mwaka 1965 alikuwa pale Alabama akiwaimbia waandamanaji wa Selma, waliodai haki ya kupiga kura kwa njia ya amani?

Mlezi_wa_Klabu:

Nawashukuru nyote, na Bi Mkubwa shikamoo. Nimeamua kuionesha yote. Karatasi ya miaka nitaiandaa, na tangazo nitalisoma mwenyewe. Limebaki moja: filamu inazidi saa moja na nusu, kengele ya kulala hainisubiri, na mjadala siwezi kuubana dakika kumi. Nikiigawa Jumamosi mbili, nikate wapi?

SanturiZaZamani:

Simamisha inapofika kuuawa kwa King, Aprili 1968. Usiwaruhusu waendelee hata dakika moja. Jumamosi ya pili, kabla ya picha yoyote, wapigie "Why? (The King of Love Is Dead)" kama ulivyorekodiwa tarehe 7 Aprili 1968 huko Westbury, siku tatu tu baada ya risasi. Mpiga besi wa Simone, Gene Taylor, ndiye aliyeutunga, na bendi ilijifunza ukiwa bado mbichi. Ni mrefu, na katikati anaacha kuimba akazungumza. Usiupunguze. Tafuta spika nzuri, maana za projekta hazitaufikisha nyuma ya bwalo.