Mjadala: Anayerusha uvumi wa siasa kwenye kundi la mtaa, atolewe au ajibiwe?

Mwanaujiji (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nawasalimu watu wa Kigoma na majirani zetu wa Tabora. Nina hoja moja, na msimamo wangu nausema mapema ili mnibane vizuri.

Kundi letu la WhatsApp hapa Ujiji lilianzishwa kwa ajili ya misiba na maji. Nani kafiwa, mchango shilingi ngapi, bomba linatoka saa ngapi. Kuelekea uchaguzi wa Oktoba 2025 mtu mmoja akarusha picha: watu wamejazana kwenye maboti, wanapanda meli, mafurushi kichwani. Chini yake maandishi: "Wapiga kura wa kuletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, usiku wa kuamkia leo. Sambaza kabla hawajaifuta." Juu ya ujumbe ipo ile mishale miwili, maana yake umeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwetu.

Kilichofuata mnakijua. Wa kwanza akasema "ndiyo maana hatushindi". Wa pili akamwita nyumbu, yaani mfuata kundi asiyefikiri. Huyo naye akaitwa chawa wa buku saba, yaani msifiaji wa kulipwa. Mzee mmoja wa umri wa baba yangu, ambaye aliuliza tu picha imetoka wapi, akaambiwa anatetea kwa kuwa "na yeye asili yake huko huko". Mzee akajitoa kundini bila neno. Admin akafuta picha, akamtoa aliyeirusha, halafu akafunga kundi, anaandika yeye peke yake. Tangazo kwa herufi kubwa: SIASA MARUFUKU.

Wengi walishangilia. Mimi naona alikosea, na naliona jambo hilihili kwenye makundi ya koo, ya vikoba na ya watu waliosoma pamoja. Picha haikujibiwa. Aliyetolewa kaondoka nayo, na huko alikokwenda hakuna wa kumuuliza swali. Mzee hajaombwa radhi hadi leo, ilhali aliyemtukana yumo, anasoma matangazo ya misiba kama kawaida.

Kwa hiyo nasema hivi: uvumi ujibiwe palepale uliporushwa, mbele ya waliouona. Mtu asitolewe kwa kuamini uongo, atolewe kwa kumvunjia mwenzake utu. Admin wetu alifanya kinyume chake. Karibuni.

Gungu Stendi

Mkuu umeandika vizuri, ila inaonekana hujawahi kuwa admin. Mimi nasimamia kundi la bodaboda. Usiku wa manane simu haitulii, ukifungua ni watu wawili wanagombana, wengine wanatupia vikatuni. Asubuhi abiria kasahau mzigo, tangazo lake limezama huko juu, hakuna aliyeliona. Kundi la kazi liwe la kazi. Mwenye hamu ya siasa aende kijiweni akanywe kahawa.

Halafu hao unaotaka wajibiwe hawajibiki. Ukimletea ushahidi anasema na wewe umenunuliwa. Ukimletea mwingine anasema umenunuliwa bei kubwa zaidi.

Mama Dagaa Kibirizi

Hiyo picha na mimi niliipata, kwenye kundi letu la wauza dagaa. Meli inayoonekana pale ni Liemba. Mtu wa Kigoma haikosei Liemba hata akionyeshwa kwa nyuma. Sasa niambieni, mwaka 2025 Liemba ilisafiri lini? Ilikuwa imelala miaka, ikisubiri ukarabati uishe.

Ile ni Kagunga, kijiji chetu cha mpakani na Burundi, Mei 2015. Warundi walipokimbia vurugu za kwao walijaa pale ufukweni maelfu kwa maelfu mpaka kipindupindu kikaingia. Kagunga hakuna gati la meli kubwa. Liemba ilikuwa inasimama majini, watu wanapelekwa kwa maboti, ndiyo maana mnayaona yameizunguka. Walishushwa huku mjini, wakapitishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha kambini Nyarugusu. Tulioishi hapa tuliona.

Tena angalieni ile boti ya mbele. Mtoto kafungwa kanga mgongoni kwa binti ambaye naye ni mtoto tu. Pembeni ndoo, sufuria limefunikwa kwa sahani, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Mpiga kura wa siku moja godoro la nini?

Niliandika hivyo hivyo kundini. Aliyeileta sikumtukana, ni mteja wangu wa siku zote. Nilimwambia "dada, hii ni ya zamani, ile ni Liemba." Akajibu "kumbe!", akaifuta mwenyewe. Ila kuna kaka mmoja hajakubali mpaka leo. Anasema Liemba inafanya kazi usiku, mchana inafichwa. Nikamuuliza inafichwa wapi, chini ya kitanda?

Mwanaujiji (mleta mada)

Mama, umenirahisishia kazi. Gungu Stendi, ona hapo: kaka hakukubali, na huenda asikubali kamwe. Lakini kundini mlikuwa wangapi mnaosoma kimya? Hao ndio wa kuandikiwa. Mimi nikimjibu mbishi huwa simwandikii yeye, namwandikia shangazi yake anayesoma bila kusema kitu na kesho atakwenda kuisimulia sokoni.

Kasulu Kwetu

Mnaijadili picha. Mimi naomba turudi kwenye "na yeye asili yake huko huko".

Kwa mtu wa Dar hilo ni tusi kama mengine, linapita. Kwa mtu wa Kasulu, Kibondo au Buhigwe ni mashtaka. Kiha na Kirundi vinasikilizana, majina yanafanana, mpaka wenyewe umepita katikati ya koo. Ukimwita mtu Mrundi mbele ya watu wote hao, kesho anaweza kujikuta ofisini anaulizwa babu yake kazikwa wapi. Nimemwona jirani anahangaika kutafuta cheti cha kuzaliwa cha baba yake, mtu aliyezaliwa kijijini enzi ambazo hakuna aliyekuwa na cheti. Alianza kuhangaika baada ya kugombana na watu wa chama kuhusu kiwanja.

Na ninyi wa Tabora mnalijua. Ulyankulu wapo watu waliokuja 1972 kama wakimbizi kutoka Burundi. Mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale ya Tabora na Katavi. Ni raia, karatasi wanazo. Ubishi wa siasa ukianza karatasi hizo hazihesabiki tena, mtu anarudishwa Burundi kwa mdomo.

Kwa hiyo mleta mada sikubaliani nawe unapotenganisha uvumi na utu. Ile picha yenyewe ilikuwa tusi. Haikueleza kura zinaibwa vipi, na nani, kituo gani. Ilikuonyesha tu wa kumchukia. Uvumi mwingi wa mkoa wetu uko hivyo. Ukiukuna kidogo chini yake unamkuta jirani.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Nawasalimu kutoka Tabora, mji wa maembe na asali. Sisi hatuna meli ya kugombania.

Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru, walikutana hapa kwetu kuamua kuhusu kura tatu. Utaratibu wa Mwingereza ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameshaazimia kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Nyerere akataka washiriki. Pimeni uzito wake: kuwaomba watu waliochoshwa na mkoloni waingie kwenye uchaguzi wa kibaguzi. Ingekuwa leo angeshaitwa kibaraka wa mabeberu kabla hajamaliza kuongea, na picha yake ya kutengenezwa amevaa kofia ya gavana ingeshafika Kigoma.

Walibishana, na uamuzi ukawa kushiriki. Ndio tunaouita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka, akaanzisha chama chake, ANC, na 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere akapata kura kiduchu. Baadaye alirudi TANU. Mlango haukuwa umefungwa kwa kufuli.

Kijana wa Mwanga

Mzee wangu wa Ng'ambo, shikamoo, lakini historia umeichuja. Mwaka huohuo 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, alihoji nafasi ya Waislamu ndani ya chama. Akafukuzwa, akatengwa na watu aliokuwa akikaa nao. Salamu zilikatwa bila WhatsApp.

Na neno "heshima" mnalitumia kirahisi sana. Nikiandika kwamba mtaro wa mtaani umeziba na diwani anajua, jibu la kwanza si kuhusu mtaro. Naambiwa sina adabu kwa wakubwa. Hii "lugha ya staha" huwa inadaiwa kwa aliye chini peke yake. Mkubwa akiita watu nyumbu, mnasema mheshimiwa ana utani.

Vilevile si kila kinachoitwa uvumi ni uvumi. Juni 2023 Bunge liliporidhia ule mkataba wa bandari na Dubai, wapo waliopiga kelele kwamba bandari imeuzwa. Sawa, hao wajibiwe. Lakini wapo waliosoma kifungu kwa kifungu wakauliza mbona ukomo wa mkataba hauonekani. Wote wakatiwa kapu moja, wapotoshaji.

Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima, kwa siku kadhaa hakukuwa na wa kumjibu mtu. Iliporudi, kila mmoja alikuwa na picha zake na idadi yake ya waliokufa kwenye vurugu. Hapo mnamlaumu aliyesambaza ujumbe peke yake? Ukificha taarifa, watu watajitungia.

Wakili Mtarajiwa

Nipite haraka. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa unazojua ni za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo kama unajua ni uongo, ile kauli ya "nimeletewa, na mimi naileta kama ilivyo" usiione kuwa ni kinga.

Ila sishauri mtu atishiwe kifungu ndani ya kundi. Ukimtishia, haachi kuuamini uvumi. Anauhamishia pembeni, kwa watu wanaomwamini yeye tu, na aliyetaka kuuliza swali la maana anaogopa pia.

Shemeji wa Katubuka

Mimi nacheka tu. Kigoma tulimwona Dk. Kabourou akitoka CHADEMA kwenda CCM. Zitto akatoka CHADEMA akaenda ACT-Wazalendo. Kafulila kapita NCCR-Mageuzi, kapita CHADEMA, yuko CCM. Sisemi vibaya, kuhama chama ni haki ya mtu. Wao wakikutana wanakumbatiana na kupiga picha. Wewe uliyemwita mume wa dada yako msaliti kwa ajili yao, tangu 2015 hamkai mkeka mmoja, na harusi ya mpwa wako hukwenda.

Gungu Stendi

Hilo la Shemeji limenigusa, jina la mhusika tuliache.

Haya, nakubali nusu. Picha kama ile ikiletwa kwangu sitamtoa mtu mara moja. Nitamuuliza mbele ya wote: ni ya lini, wapi, nani kaipiga? Akikosa jibu aifute mwenyewe kama yule dada wa Kibirizi. Lakini saa nne usiku nafunga kundi, hilo sibadilishi. Na anayemtaja mwenzake kabila au asili anatoka, hata akiwa mwenye bodaboda nyingi kuliko wote.

Kijana wa Mwanga, mtaro wako andika. Taja mtaa, weka picha. Mtu akikuambia huna adabu, muulize mtaro wenyewe unaonekana au hauonekani.

Mwanaujiji (mleta mada)

Kasulu Kwetu, hoja yako naichukua nzima, inaipa nguvu ya kwangu. Kesho nakwenda kwa admin wetu. Nitamwomba afungue kundi, aliyeirusha picha arudishwe, na maelezo ya Mama Dagaa kuhusu Liemba na Kagunga yawekwe kundini ili wote walioiona wayasome. Aliyemtukana mzee amwombe radhi.

Kasulu Kwetu

Radhi iombwe wapi? Mtu katukanwa mbele ya mtaa mzima, msije mkampeleka kijana barazani kwa mzee jioni, soda mbili, yakaisha. Aandike kundini, alipoandika lile. Na kama hataki, mtamtoa au mtamstahi kwa kuwa ni mtoto wa fulani?

Mwanaujiji (mleta mada)

Akigoma, atoke. Hapo sina mjadala, hata kama ni wa upande wangu. Na ni wa upande wangu.

Mama Dagaa Kibirizi

Sawa, ila bado sijajua la kufanya na sauti zinazorekodiwa na kurushwa kundini. Picha nitaikodolea macho nione meli. Zile sauti za dakika tisa, mtu hajitaji, anaanza "ndugu Watanzania amkeni", nani ana bando na muda wa kuzisikiliza mpaka mwisho ili ajue pa kuuliza?

Gungu Stendi

Mama, hizo mwambie aliyeileta aandike kwa mistari mitatu kilichosemwa humo. Wengi wao hawajaisikiliza.

Mama Dagaa Kibirizi

Nimemwambia mmoja sasa hivi. Kasema ngoja aisikilize kwanza.