Mdogo wangu amebakwa, akamwambia rafiki yake badala yangu. Kwa nini?

Dada wa Moro: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 20, yuko chuo. Mwezi uliopita alibakwa na kijana wanayesoma naye. Nimejua jana, tena kupitia rafiki yake wa chumbani. Ada namlipia mimi, kila siku tunaongea. Kwa nini hakuniambia?

Mama Neema: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mabinti hawa nakaa nao. Anayelipiwa ada na dada yake anapiga hesabu: nikisema, atanirudisha nyumbani? Baba akijua, si wataitana na wazee wa kijana wayamalize kwa fedha? Rafiki wa chumbani hana uwezo wa kumwamulia lolote, ndiyo maana anaambiwa yeye.

Halafu binti anawapima watu mapema. Habari ya msichana aliyebakwa ikitajwa redioni, anasikiliza nani pale sebuleni anauliza "alifuata nini usiku ule?" Yakimkuta, huyo hamwambii. Na wengi hawamwambii mtu kabisa: utafiti wa kitaifa wa 2009 hapa Tanzania uliona karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na takriban nusu yao walikaa kimya.

Kibo: Mpelekeni polisi leo hii achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali! Ushahidi unapotea.

Mama Neema: Kibo, ana miaka 20, uamuzi ni wake. Na asidhani kachelewa: Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyebakwa peke yake, ikiyaamini. Saa 72 za dawa ya kuzuia VVU zimepita, ila vipimo vya VVU, mimba na magonjwa ya zinaa bado ni muhimu. Akikubali, aende kituo cha Mkono kwa Mkono. Daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na ustawi wa jamii wako sehemu moja, hatasimulia mara nne kaunta kwa kaunta watu wakisikia.

Dada wa Moro: Nimwambie kwamba najua?

Mama Neema: Usimvamie. Rafiki yake amweleze kwanza kuwa unajua, na kuwa baba hajaambiwa. Akikupigia, mwambie unamwamini, halafu muulize anataka nini kifanyike.