Presha ya mjamzito, daktari yuko kwenye simu

Swali: Wenzangu, mjamzito wa wiki 34 amesoma 150/100 hapa zahanati. Nimtajie daktari namba hiyo hiyo?

Jibu: Bado, dada. Apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, asikunje nne, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo kwa uongo. Rudia baada ya dakika 15, umtajie vipimo vyote viwili.

Jibu: Uliza pia: kichwa kinauma? Anaona ukungu? Maumivu chini ya mbavu za kulia? Ikifika 160/110, gari la wagonjwa liitwe hapo hapo.

Jibu: Daktari akikutajia dozi ya magnesiamu (dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba), iandike, kisha umsomee tena. Mtandao ukikatika, "kumi na nne" husikika "nne".