Kumeza kidonge chenye kamera wakati siumwi: nimeze au niache?

Mchuuzi_wa_Msimbazi:
Wakuu, salama? Niko Guangzhou nasubiri kontena lipakiwe. Mwenyeji wangu kanipeleka hospitali anakopima afya kila mwaka. Wana kipimo cha tumbo kisicho na ule mpira wenye kamera unaomezeshwa: unameza kidonge chenye kamera, unalala, mashine yenye sumaku inakigeuza tumboni na daktari anaangalia kwenye skrini. Nina miaka 41, siumwi popote, choo safi. Ila baba mdogo Rombo tulimzika kwa saratani ya koo la chakula, na tangu hapo sina amani. Bei ni ya kutoboa mfuko. Nimeze?

Bongonyoo:
Meza mkuu, huku kukipata ni shughuli. Angalizo tu: usiingie mashine ya MRI, ile ya sumaku kali, mpaka kitoke chooni. Na usihangaike kukiokota, hakirudishwi 😂

Nesi_wa_Skopu:
Kaka, pole kwa baba mdogo. Mimi kazi yangu ni chumba cha endoskopi, yaani kipimo cha huo mpira, nawashika watu mkono wakimeza mpira huku machozi yanawatoka, kwa hiyo anayetaka kuukwepa simlaumu hata kidogo. Ila hofu yako ni koo la chakula, na hapo ndipo kidonge kilipo dhaifu: kinapita kwa sekunde chache, puu, kiko tumboni.

Wachina wanakitumia kwa sababu saratani ya tumbo lenyewe inawasumbua sana. Waliwahi kuwapima watu 3,182 wasio na dalili, wakakuta saratani ya tumbo kwa 7, wote wamevuka miaka 50. Wewe una 41. Halafu kidonge kinaona tu, hakikati kinyama cha kupeleka maabara. Kikiona kidoa utaletwa kwenye mpira uleule, safari hii presha ikiwa juu. Sikipondi lakini! Mgonjwa anayevuja damu kwenye utumbo mwembamba, kule mpira wa kawaida haufiki, hakuna kama hicho, na ndiyo kazi Marekani waliyokiruhusu mwaka 2001.

Kwetu ukanda huu, kuanzia Ethiopia hadi Malawi, balaa ni koo. Ukirudi, nenda Moshi au Dar ufanye endoskopi ya kawaida, uwaeleze habari za baba mdogo, na uulize kama wanapulizia ayodini, dawa ya rangi, kwenye koo la chakula. Palipo pazima panageuka kahawia, palipo na walakini panabaki peupe, na hapo ndipo daktari anakata. Na kwa ajili ya koo hilohilo, ile chai inayotoka jikoni ikitokota, iache ipoe kwanza.

Mchuuzi_wa_Msimbazi:
Dada, chai umenipata kabisa, mie naimeza ya moto hivyohivyo. Hiyo ayodini haiunguzi?

Nesi_wa_Skopu:
Inachoma kifuani kwa muda, kuna dawa ya kuituliza. Ila kama una tezi ya shingo au mzio wa ayodini, sema mapema kabla hujapanda kitandani.