Dada amevimba miguu, ana vidoa vya njano kwenye kope. Je, ni moyo?

Nyar Kibuye:
Habari zenu wapendwa. Dada yangu ana miaka 48, anauza omena Kibuye. Jioni akivua sandali, alama za mikanda zinabaki. Nikimbonyeza juu ya kifundo, kishimo kinakaa. Ana pia vidoa vya njano kwenye kope, upande wa pua, wala havimuumi. Usiku lazima apange mito ndiyo apumue. Yeye anasema ni kusimama kutwa, shangazi anasema figo. Naogopa.

Muuguzi Kondele:
Pole sana, dada. Kilichonishtua ni mito. Mtu akilala chali, maji yaliyojikusanya miguuni hurudi kwenye damu. Moyo uliochoka hauwezi kuyasukuma yote, yanaingia mapafuni, pumzi inakatika. Shangazi hajakosea: figo, ini, hata baadhi ya dawa za presha huvimbisha miguu. Lakini miguu pamoja na pumzi, mpeleke kesho, usingoje siku ya soko ipite. Hapo hospitali ya Jaramogi, Kisumu, Russia kama tunavyoiita, wampime presha, mkojo, damu, na picha ya moyo, ile eko. Usiku akikosa pumzi hata akiwa ameketi, msingoje asubuhi.

Vidoa ni mafuta ya kolesteroli chini ya ngozi. Karibu nusu ya wenye navyo kolesteroli yao huwa sawa, kwa hiyo havithibitishi kitu. Apimwe tu.

Jatelo Ahero:
Sista, na mkunjo kwenye ndewe ya sikio, nao ni dalili ya moyo? Baba anao, masikio yote mawili.

Muuguzi Kondele:
Mzee, daktari Mmarekani Sanders Frank aliuandika mwaka 1973, aliuona kwa wagonjwa wenye maumivu ya kifua. Ila uzee nao huuleta. Baba apimwe presha na sukari. Mimi namwuliza zaidi kama kifua kinambana akipanda mlima.

Nyar Kibuye:
Asante sista. Amekubali, tunatoka alfajiri. Nibebe nini?

Muuguzi Kondele:
Dawa zote anazomeza, hata za mitishamba. Anatumia diclofenac, ile dawa ya maumivu, kwa mgongo? Wauza samaki wengi huzinunua dukani, nazo huzuia maji mwilini na kuumiza figo. Aziache kwanza, na umwambie daktari.

Nyar Kibuye:
Anazo kwenye mkoba. Kila jioni anameza.